Karatasi ya Tobiti

Katika Kitabu cha Tobiti mna habari mbili ambazo wafanya biashara wadogo wa Kwamndolwa, na wa Korogwe yote, ingewafaa kuzisoma pamoja.

Ya kwanza ni ya mwana-mbuzi. Tobiti alikuwa amepofuka, na mkewe Anna alifanya kazi ya mikono ili wapate riziki. Siku moja wenye kazi walimlipa ujira wake, wakamwongezea mwana-mbuzi. Mbuzi alipolia, mzee akashtuka: ametoka wapi huyu? Asije akawa wa wizi. Na arudishwe kwa mwenyewe! Anna akaeleza kwamba amepewa. Mumewe hakusadiki, na maneno makali yakaingia nyumbani. Tazameni, mama yule hakuiba, wala mzee hakuwa mtu mbaya. Walikosa kitu kimoja tu, nacho ni ushahidi wa mahali mbuzi alipotoka. (Sisi twamwonea huruma Anna zaidi.)

Ya pili ni ya fedha. Zamani Tobiti aliweka talanta kumi za fedha kwa Gabaeli, huko Rage katika nchi ya Wamedi. Waliandikiana hati, wakaigawa, kila mmoja akashika kipande chake. Ikapita miaka ishirini. Rafaeli alipokwenda kuzidai alichukua hati ile mkononi, naye Gabaeli hakubisha. Akaitoa mifuko na mihuri yake haijavunjwa. Malaika mzima, naye hakwenda mikono mitupu!

Sasa tumwangalie mwenye duka wa Kwamndolwa. Asubuhi aenda Korogwe mjini kununua sukari, mafuta ya kula na sabuni. Muuzaji wa jumla amwuliza: wataka na risiti, au bila risiti? Kwani bei ya bila risiti yaweza kuwa nafuu kidogo. Anachagua nafuu, anarudi na mizigo juu ya pikipiki, wala hana karatasi hata moja, ijapokuwa sheria humtaka mnunuzi naye adai risiti yake. Siku moja ofisa wa Mamlaka ya Mapato asimama mbele ya rafu. Hana cha kupimia ila macho yake, na mwenye duka hana cha kumjibu ila kiapo. Hapo ndipo Anna na mbuzi wake.

Hasara yake tuitaje kwa hesabu. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilimwekea mfanya biashara binafsi mizani hii: mauzo ya mwaka yakizidi shilingi 4,000,000 bila kupita 7,000,000, asiye na kumbukumbu alipe 100,000; aliyezitunza alipe 3 kwa mia ya kile tu kilichozidi 4,000,000. Basi aliyeuza 5,000,000 atalipa 30,000 kwa daftari, ama 100,000 bila daftari. Aliyeuza 9,000,000 atalipa 150,000, ama 250,000. Asiyefika 4,000,000 hatozwi kitu, lakini atajulikanaje kuwa hakufika? Ankara za manunuzi ndizo zitakazomsemea: mtu aliyenunua bidhaa za milioni tatu kwa mwaka mzima hawezi kusadikiwa kuwa aliuza za milioni kumi na mbili.

Wako watakaosema kwamba hata maofisa wanakosea. Wanakosea, naam, na ofisa anayekadiria bila haki atajibu mbele ya Mungu. Lakini wako pia wenzetu wanaomwomba muuzaji aandike pungufu kwenye risiti, kama wakili yule wa Injili aliyemwambia mdeni wa vipimo mia vya mafuta aandike hamsini. Bwana alisifu busara yake; hakusifu hati ya uongo. Tusijifiche nyuma ya mfano huo.

Kazi yenyewe si kubwa. Risiti za mashine, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, wino wake hufifia kwa joto, nalo joto la Korogwe twalijua. Basi jioni ile ile kila moja inakiliwe katika daftari, nayo ifungwe pamoja na wenzake kwa mwezi, au itolewe nakala. Mahindi na machungwa yanunuliwayo kwa mkulima asiye na mashine yaandikwe: tarehe, jina, kiasi, bei, na mkulima atie sahihi au dole gumba. Mauzo nayo yaandikwe kila siku, hata siku mbaya. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 yataka hayo yote yatunzwe miaka mitano, yaani robo tu ya subira ya Tobiti.

Na mke, au kijana anayeachiwa duka, aonyeshwe sanduku la karatasi lilipo, maana ofisa aweza kufika siku ambayo mwenye duka yuko msibani Handeni.