MWANA-KONDOO ALIYEKAGULIWA



Kila Jumapili ya Ushirika Mtakatifu huimbwa "Mwana-kondoo wa Mungu", kisha watu husogea mezani. Lakini wako wanaobaki vitini, wala hawakuzuiliwa na kanisa. Ukiwauliza husema, "Mimi sistahili." Kwa ajili yao naandika.

Someni Kutoka, mlango wa 12. Siku ya 10 ya mwezi kila nyumba ya Israeli kule Misri ilitwaa mwana-kondoo au mwana-mbuzi, dume wa mwaka mmoja, asiye na ila. Hakuchinjwa siku ile. Aliwekwa hata siku ya 14, jioni. Sababu ya kungoja haikuandikwa, lakini mfugaji yeyote anaifahamu: mnyama mgonjwa aweza kukudanganya mnadani, hawezi kukudanganya siku nne nyumbani kwako.

Sasa angalieni ni nani aliyekaguliwa. Ni mwana-kondoo! Haikutolewa amri ya kuwapanga wazaliwa wa kwanza mstari na kuwauliza habari za mwenendo wao. Katika nyumba zile walikuwamo waoga na wanung'unikaji, watu wa taifa lile lile ambalo wasimamizi wake walimlaumu Musa katika mlango wa 5. Damu ilikuwa kwenye miimo ya mlango; wao walikuwa ndani, wakila.

Mtakatifu Yohana ameshika jambo hili. Katika Injili yake Pilato atangaza mara tatu kwamba haoni hatia kwa Yesu (18:38, 19:4, 6). Na pale msalabani hakuvunjwa mfupa, kama ilivyoamriwa juu ya mwana-kondoo wa Pasaka.

Mtaniuliza, "Je, Paulo hakuagiza kila mtu ajihoji?" Aliagiza, 1 Wakorintho 11:28. Lakini someni mstari wote. (Wanafunzi wangu chuoni walipenda sana kujibu swali kabla ya kulimaliza.) Mtu ajihoji, ndipo ale. Tena waliokemewa Korintho ni wale walioshiba huku wenzao wana njaa, si wale waliolia kwa ajili ya dhambi zao.

Nyumba iliyokuwa na watu wachache iliamriwa kushirikiana na jirani. Basi kama unamjua mjane aketiye peke yake nyuma kabisa, Jumapili ijayo keti naye, mwende mezani pamoja. Na mwenye neno zito moyoni amwone kasisi kabla ya siku hiyo.