VIJANA WETU NA KAZI: MAFUNZO YA KISIMA CHA MADYAN

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa mikono ya kufanyia kazi na akili ya kuiongoza mikono hiyo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyechunga mbuzi wa watu wa Makka kwa ujira mdogo kabla hajapewa kuchunga umma. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, jambo nitakalolisema leo si geni kwenu. Kila apitaye vichochoro vya Kuze baina ya Alasiri na Maghrib hulikuta limekaa barazani. Ni kijana wetu. Amesoma. Baba yake ameuza alichokuwa nacho, na mama yake amekaanga mahamri na viazi karai kila alfajiri ili karo ilipwe. Sasa yu katika mwaka wa mwisho wa chuo, na chuo kimempa barua kikamwambia: Nenda ukatafute mahali pa kufanya mazoezi ya kazi, haya ambayo vijana wayaita atachimenti, kisha urudi tukupe cheti chako. Barua anayo mkononi, lakini mlango wa kubisha hanao.

Kabla sijamlaumu mtu yeyote, yanipasa nianze kwa kuihukumu nafsi yangu. Mimi nina ofisi ndogo ya uwakala wa kutoa mizigo bandarini. Siku moja, baada ya sala ya Alasiri, kijana mmoja wa mtaani alinifuata hadi mlangoni mwa msikiti. Alisomea hesabu za biashara, naye hakutaka mshahara. Alitaka miezi mitatu tu ya kukaa mezani pangu aone kazi inavyofanywa. Nikamwambia, “Njoo kesho, mwanangu.” Akaja, nami sikuwapo. Akaja tena Jumatatu, nikamwambia ofisi ni finyu. Akaja mara ya tatu, nikamjibu, “Inshaallah.” Ndugu zangu, hapo ndipo lilipo kosa langu kubwa, kwani nilipolitamka neno hilo moyoni sikukusudia kufanya lolote. Jina la Mola wangu nikalifanya pazia la kujifichia. Muda ukampita yule kijana, akarudishwa nyuma mwaka mzima, na wenzake wakavaa majoho yeye akiwatazama. Mama yake hunisalimu kwa adabu ile ile kila tupishanapo njiani, na salamu yake hiyo yaniuma kuliko lawama.

Basi tangu siku hiyo nimekuwa nikikirudia kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas, nikaona kwamba mambo haya ya leo yamo humo kwa utimilifu. Natuyatazame pamoja.

Musa aliingia Madyan hali ya kuwa mkimbizi. Hana nauli, hana jamaa, wala hana wa kumjua. Alipofika kisimani aliwakuta wachungaji wanywesha wanyama wao, na mabinti wawili wamesimama kando wazuia wanyama wao wasichanganyike na wengine, wangoja wanaume wamalize. Baba yao alikuwa mzee asiyeweza kazi ile. Musa aliwauliza khabari yao, kisha akawanyweshea wanyama. Hakuuliza malipo wala hakungoja kuandikwa kazi. Aliona kazi ihitajiyo mtu, akaifanya.

Ewe kijana, hili ni funzo lako la kwanza. Wewe wangoja tangazo gazetini, na pengine huku wangoja, karibu nawe pana mzee wa duka asiyejua kutia hesabu zake katika kompyuta, na pana madrasa ambayo daftari zake za wanafunzi zaliwa na mchwa. Anza hapo. Aliyekwisha fanya jambo dogo likaonekana huwa na la kusema anapoulizwa, “Umefanya nini?”

Baada ya kazi Musa alirudi kivulini, akamlalamikia Mola wake ufakiri wake na haja yake ya kheri yoyote itakayomshukia. Zingatieni mpango wake: alitangulia kufanya, kisha akaomba. Wako miongoni mwetu waombao usiku kucha na mchana wakalala, na wako wahangaikao mchana kutwa wala wasimkumbuke Mola wao. Musa aliyakusanya yote mawili.

Kisha mmoja wa wale mabinti alimwendea baba yake akamshauri amuajiri mtu yule, akamsifu kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Wallahi, lau waajiri wote wa dunia wangekusanyika kuandika sharti za kazi, wasingeliongeza la maana juu ya hizo. Nguvu ni uwezo wa kuitenda kazi yenyewe. Kwa mchungaji ni mkono wa kuteka maji, kwa mhasibu ni kuzijua hesabu, na kwa muuguzi ni kuijua dawa na kipimo chake. Ama uaminifu ni kuitenda kazi hiyo wakati hakuna akuonaye. Mwenye nguvu asiye muaminifu ni mwizi hodari, na muaminifu asiye na nguvu atakuharibia mali yako huku alia machozi.

Lakini yule binti alizijuaje sifa hizo? Alizijua kwa kuwa alimuona Musa kazini. Hii ndiyo siri ya mazoezi ya kazi. Cheti huthibitisha kwamba kijana amejibu maswali ya mtihani. Hakiwezi kueleza kwamba huja mapema, kwamba hatoi siri ya ofisi, au kwamba akikosea husema amekosea. Hayo hujulikana kwa kuonekana. Basi tunapomfungia kijana mlango tunamnyima shahidi, kisha baada ya miaka miwili twamuuliza, “Una ujuzi gani?” Ataupata wapi, nasi ndio tuliomzuia kisimani?

Tusisahau pia kwamba waliokuwa kisimani wakichunga mali ya baba yao walikuwa wanawake, na aliyetoa shauri la busara alikuwa mwanamke. Binti zetu leo wasomea uuguzi, ualimu, maabara na hesabu, kisha twasema hakuna mahali pa stara pa kuwapeleka. Ikiwa hakuna, ni juu yetu kupatengeneza. Haifai kuifanya stara kuwa sababu ya kuwafungia, na hali Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mfanya biashara ambaye misafara yake ilifika Sham, na Mtume wetu mwenyewe alimfanyia kazi kabla ya Utume.

Sasa nageuka kwenu, enyi wenye maduka, karakana na ofisi. Mtazameni yule mzee wa Madyan. Hakumwambia Musa, “Njoo kesho.” Alimwita, akamsikiliza, akamtuliza khofu yake, kisha akamwekea mapatano yenye muda unaojulikana: miaka minane, na kama angetimiza kumi ingekuwa ni hisani yake Musa. Akamuahidi kwamba hatamtia mashakani. Je, sisi tunaowapokea vijana twafanya hivyo? Wako wanaompokea mwanafunzi wakamfanya mpika chai na mpeleka barua kwa miezi mitatu, kisha wakamtilia sahihi daftari lake kwamba amejifunza. Sahihi hiyo ni ushahidi wa uwongo. Na wako, Mwenyezi Mungu atuhifadhi, wanaoiuza nafasi ya mazoezi kwa rushwa. Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake, na rushwa ya kumlaza mtoto wa maskini mlangoni ni katika zilizo mbaya mno.

Najua yatakayosemwa. Atasema mmoja, “Rizki imeandikwa, kilicho changu kitanifika.” Ni kweli imeandikwa, lakini sisi tumeamrishwa tuitafute. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba mtu mmoja katika Ansari alimjia Mtume (S.A.W.) akiomba. Mtume akamuuliza ana nini nyumbani, naye hakuwa ila na nguo ya kujitanda na bakuli la kunywea maji. Mtume akavinadi vitu hivyo mbele ya watu vikauzwa kwa dirham mbili. Moja akamwambia awanunulie chakula watu wake, na ya pili anunue shoka; kisha Mtume kwa mkono wake mwenyewe akalitia mpini, akamtuma akakate kuni asimuone kwa siku kumi na tano. Yule mtu alirudi na dirham kumi. Tazameni: hakumfukuza na hakumpa sadaka ya kumrudisha kesho kuomba tena. Alimtengenezea chombo cha kazi, akamwekea muda, na akangoja khabari yake. Hivyo ndivyo alivyomsaidia asiye na kazi.

Atasema wa pili, “Mwanangu amesoma, hawezi kushika spana.” Huyu amesahau kwamba Nabii Dawud (A.S.) alifua deraya za chuma, na Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala. Amesahau pia mji wake. Milango ya nakshi ambayo wageni waja Mji wa Kale kuipiga picha ilichongwa na mikono ya mafundi, na majahazi yalijengwa na watu waliojifunza kwa kukaa miguuni mwa fundi miaka mingi. Wazee wetu hawakuwa na neno la kizungu la jambo hili, lakini jambo lenyewe walikuwa nalo.

Atasema wa tatu, “Kazi siku hizi ni kujuana, na sisi watu wa pwani hatujulikani huko juu.” Maneno haya yana ukweli ndani yake, nami siyakatai, dhulma ikiwapo na isemwe, na haki idaiwe kwa njia za sharia. Lakini kabla hatujaulizana juu ya milango ya wengine, natuulizane juu ya milango iliyo mikononi mwetu. Yule kijana aliyekuja kwangu hakufungiwa na mtu wa mbali. Alifungiwa na jirani yake anayesali naye safu moja.

Ndugu zangu, wazee waliotutangulia waliliona jambo hili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki 1947, alitoa katika mji huu magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu waamke katika dini yao na elimu yao. Kisha katika mwaka 1951 Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa jina la MIOME, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza. Sultani wa Unguja, Sayyid Khalifa bin Haroub, Aga Khan na jamaa wa Kibohora walitoa mali zao ili Waislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Baada ya uhuru milango yake ilifunguliwa kwa Wakenya wote. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wazee hao walitujengea mlango wa kuingilia katika elimu. Ule wa kutoka katika elimu kuingia katika kazi wametuachia sisi.

Basi katika darsa letu tumeazimia mambo manne, nasi twawaombeni mtuunge mkono.

Kwanza, tumefungua daftari. Kila mwenye karakana, duka, ofisi au zahanati aandike jina lake, kazi yake, na idadi ya wanafunzi awezao kuwapokea kwa mwaka, hata akiwa ni mmoja tu. Jina langu limetangulia.

Pili, kila usiku wa Ijumaa baada ya sala ya Isha, mtu mmoja mwenye kazi yake atawaeleza vijana kazi hiyo ilivyo: taabu yake, pato lake, masomo yake na mitihani ya uaminifu iliyomo. Kijana asichague njia kwa kuwa rafiki yake ameichagua, wala mzazi asimlazimishe udaktari mtoto ambaye moyo wake uko katika mitambo. Mtume (S.A.W.) aliwajua Maswahaba wake kwa vipawa vyao. Bilal alimpa adhana kwa sauti yake. Zayd bin Thabit, kijana mwepesi wa kuhifadhi, alimuamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayaweza kwa muda wa kama nusu mwezi. Hakumpa Zayd kazi ya Bilal, wala Bilal kazi ya Zayd.

Tatu, tutawafundisha vijana kuandika wasifu wao na kujibu maswali ya waajiri. Nabii Yusuf (A.S.) alipotaka kuwekwa juu ya hazina za Misri alieleza wazi kwamba yeye ni mhifadhi mwenye ujuzi. Kusema ulijualo bila ya kuongeza si kiburi. Ila kusema usilolijua ndiyo khiyana.

Nne, aliyepokelewa hataachwa peke yake. Mmoja wetu atamzuru katikati ya muda, amuulize yeye na amuulize mwajiri, ili kosa likiwapo litengenezwe mapema.

Nawe kijana, ukipokelewa, jua kwamba unabeba amana ya walio nyuma yako. Ukichelewa, au ukichukua kisicho chako, utamfungia mlango mwenzako ambaye hujamjua. Ibn Abbas (R.A.) alisema kwamba Musa alitimiza muda ulio mrefu zaidi, ile miaka kumi. Na katika miaka hiyo hakuwa ila mchungaji. Mwenyezi Mungu alimlea kwa kazi hiyo, kisha akampa kazi ya kuwaongoza Bani Israil. Usiidharau kazi ya kwanza. Hujui wapi yakupeleka.

Ama yule kijana wangu, nilimwendea kwao nikamtaka radhi mbele ya mama yake. Sasa anakaa mezani pangu, na katika wiki ya pili alinionyesha kosa katika hesabu zangu ambalo mimi sikuliona kwa miezi. Ofisi ni finyu kama ilivyokuwa. Kilichokuwa kifinyu zaidi kilikuwa kifua changu.

Ewe Mola wetu, watukunjulie vijana wetu njia za halali, na utujaalie tusiwe sisi wenyewe kizuizi katika njia hizo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.