Deni Lisiloishia kwenye Mshahara

Tarehe 30 Aprili nchi yetu ya Kongo huadhimisha Siku ya Taifa ya Elimu. Katika shule nyingi za Uvira na za bonde la Ruzizi wanafunzi huchanga, wazazi huongeza, mbuzi hununuliwa, walimu hushonewa vikwembe vya aina moja na kusomewa hotuba. Sina ugomvi na sherehe hiyo. Walimu wa Kongo waliibeba shule mgongoni miaka ambayo serikali ilikuwa imeitupa. Lakini katika shule moja ya bweni, ambayo sitaitaja jina, akina mama waliompika huyo mbuzi, waliofagia ukumbi kabla ya mapambazuko na kufua vitambaa vya meza, walibaki nyuma ya jiko mpaka hotuba ya mwisho. Alishukuriwa hata mwenye kukodisha vipaza sauti. Mzazi mmoja alisimama akauliza kwa nini wapishi, wafagiaji na walinzi wa usiku hawajatajwa. Mmoja wa wakubwa wa shule akamjibu, "Mama, wale wanalipwa." Watu wakapiga makofi.

Jibu hilo limenikaa kooni. Nimejaribu kulimeza na nimeshindwa, ndiyo maana naandika.

Shukrani ni kuutambua wema uliotendewa na kumwonyesha mwenye kuutenda kwamba umeuona. Fasili hiyo inanitosha. Najua wapo wanaosema kwamba hotuba tamu ni njia rahisi ya kukwepa kuongeza mshahara, na wana haki ya kuogopa hilo. Wapo pia wanaosema kwamba kumsimamisha mpishi mbele ya umati kunaweza kumtia haya kuliko kumpa heshima, inawezekana. Watu hao ningekaa nao nikazungumza. Yule wa "wanalipwa" ndiye anayeninyima usingizi.

Kwanza, mwalimu naye analipwa. Aliyeingia kwenye orodha ya serikali anapata mshahara unaotoka Kinshasa; ambaye hajaingia anategemea primu, yaani malipo yatokayo kwenye minervali, karo za wazazi. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali zimekuwa za bure, kama Katiba ya 2006 ilivyoahidi katika ibara ya 43, lakini sekondari, na bweni zaidi, bado ni mfuko wa mzazi. Mfuko huohuo ndio unaomlipa mpishi, tena yeye anapokea wa mwisho, kilichobaki kikibaki. Yule mama aliyesimama alikuwa anauliza habari za watu anaowalipa yeye mwenyewe. Akajibiwa kana kwamba hajui wanalipwa na nani.

Kama mshahara unafuta deni la shukrani, basi mshahara ukichelewa deni linarudi. Hapo wenye hoja hii hunyamaza. Sijawahi kumsikia mmoja wao, mwezi wa tatu wa kutolipa, akiingia jikoni na kusema: mama zetu, hatujawalipa, kwa hiyo leo tunawashukuru. Lau wangeiamini hoja yao wenyewe, jiko la shule zetu lingekuwa mahali penye shukrani nyingi kuliko kanisa. Kwa hiyo naona kwamba neno "wanalipwa" halizungumzii fedha hata kidogo. Limewekwa mlangoni kuwazuia watu fulani wasiingie ukumbini.

Mwanafalsafa Seneca wa Roma aliligusa swali hili karibu miaka elfu mbili iliyopita, katika kitabu chake kuhusu fadhila. Aliuliza: kwa nini tunajiona bado na deni kwa mganga na kwa mwalimu, ilhali tumekwisha kuwalipa? Akajibu kwamba kilicholipwa ni muda na jasho lao, lakini moyo waliouweka ndani ya kazi hauna bei, na deni la moyo hubaki. Tena katika kitabu hichohicho alitetea kwamba hata mtumwa anaweza kumtendea bwana wake wema wa kweli, pale anapovuka mpaka wa kile anacholazimishwa. Alifika mbali kuliko wakubwa wengi wa shule ninaowajua. Hata hivyo namlaumu kwa jambo moja: kwa swali hili la malipo, mifano anayoishikilia ni ya mganga na mwalimu. Hapo yeye na mkubwa wa shule wangeelewana vizuri.

Mpaka unavukwa wapi, katika kazi ya bweni? Mkataba unaweza kuandika kwamba mabweni yafagiliwe mara mbili kwa siku. Hauwezi kuandika kwamba mfagiaji atambue kuwa kitanda cha mtoto fulani kimelowa siku tatu mfululizo, akabadilisha shuka mapema kabla wenzake hawajarudi kutoka darasani, asimwambie mtu. Sheria ya kazi ya nchi hii, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inajua mshahara, likizo na saa za kazi. Kuona hakumo, na hakuwezi kuwemo. Ukimlipa mtu ili afagie, akafagia na akaona, ile sehemu ya kuona amekupa bure. Nani atabisha hapo?

Atabisha yule wa "wanalipwa", najua. Atasema, "Lakini hiyo ndiyo kazi yake." Hapa ndipo hoja inapokuwa mbaya zaidi, kwa sababu inageuza wema wa mtu kuwa sehemu ya mali iliyonunuliwa. Kama kuona kwake nako kumeingia ndani ya bei, basi mtu huyu amenunuliwa mzima. Aristotle alimwita mtumwa chombo chenye uhai, na angalau hakuficha alichokuwa anasema.

Mwanafalsafa Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu hali ya binadamu, alitenganisha kazi inayoacha kitu duniani, kama meza au nyumba, na ile inayomezwa na siku: chakula huliwa, sakafu huchafuka, kesho tunaanza upya. Maelezo yake ni ya kweli. Lakini ipo pia kazi ambayo ushindi wake ni kutokutokea kwa kitu. Uvira tunakijua kipindupindu tangu miaka ya 1970, na hakiishi. Watafiti walilinganisha siku ambazo bomba za mji zilikauka na idadi ya waliolazwa, wakaona kwamba maji yakikatika wagonjwa huongezeka siku zinazofuata. Sasa fikiria bweni la watoto mia kadhaa, bomba imekauka, vyoo ni vilevile. Kati ya watoto hao na ugonjwa kuna wanawake wenye mabidoni, klorini na ufagio. Muhula ukiisha bila mgonjwa hakuna atakayesema kitu, kwa maana hakuna kilichotokea. Tunamshukuru mganga aliyeponya. Aliyefanya mganga asiitwe hatumjui.

Wapishi wengi wa shule ile wametoka Rurambo, juu milimani, walishuka na watoto na vyungu vita vilipochoma vijiji. Hapa naomba niruhusiwe kuzungumza habari za maharage, kwa kuwa ni jambo ninalolipenda. Maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Huku kwetu kando ya ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Ukipanda hadi mita 2,000 huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, maana hewa inayoyakandamiza ni nyepesi. Kwa hiyo kule juu sufuria inaweza kutokota kwa kelele na maharage yabaki magumu. Mama wa milimani analijua hili mikononi: ataloweka tangu jioni, atafunika kwa majani ya migomba na kuweka jiwe, hatadanganywa na mapovu. Charles Darwin alikutana na jambo hilo Machi 1835, akivuka milima ya Andes. Viazi vilikaa motoni usiku kucha, vikachemshwa tena asubuhi, havikuiva. Yeye alijua sababu ni hewa. Wenzake waliamua kwamba sufuria ile mpya ina laana. Tunakisimulia kisa hicho kama ushindi wa mwanasayansi, lakini najiuliza: Darwin, pamoja na elimu yake yote, alikosa viazi sawasawa na wao. Mama wa Rurambo angewapatia chakula. Na huyu mama aliposhuka bondeni ilimbidi ajifunze upya, maana huku maharage yaleyale hupondeka haraka na kuni ni za kununua. Hesabu hiyo ya joto, kuni na muda aliifanya peke yake, watoto mia kadhaa wakiisubiri. Tunaiita kupika, tukimaanisha kwamba haihitaji akili.

Na haya yote bado hayanifikishi kwenye kinachoniuma kabisa. Katika shule hiyohiyo, kama katika nyingi nilizoziona, mwanafunzi anayechelewa hupewa vyoo asafishe. Anayepiga kelele hupewa vyungu asugue. Rais wa zamani Mobutu alituachia salongo, kazi ya lazima kwa jina la taifa, na shule zikaichukua zikaifanya adhabu. Kwa hiyo mtoto anajifunza, mwaka hadi mwaka, kwamba kuosha choo ni kitu anachofanyiwa mkosaji. Kisha anamwona mama fulani akiosha choo kila siku. Unataka awaze nini? Hotuba gani ya tarehe 30 Aprili, au ya siku ya pili yake, sikukuu ya wafanyakazi, itakayofuta somo hilo?

Ningeweza kusema: basi kazi hizo zisiwe adhabu, wanafunzi wote wazifanye kwa zamu, wakubwa na wadogo, na watoto wa prefe, mkuu wa shule, pia. Lakini nikiwaza zaidi naingia njia panda. Wakizifanya wote vizuri, shule itasema haihitaji tena wafagiaji wanne, wawili watatosha, na heshima niliyoitafuta itakuwa imewafukuza watu wangu kazini. Wasipozifanya kabisa, hawatajua kamwe uzito wa kile wanachotendewa, na shukrani ya asiyejua ni ya midomo tu.

Nilimwuliza mmoja wa wapishi angependa shule ifanye nini siku ile ya sherehe. Hakufikiri sana. Alisema sufuria kubwa imekatika mkono mmoja, kuipua ni hatari, anahofia siku moja itammwagikia msichana anayemsaidia, wangenunua nyingine. Nikamwambia, mama, mimi nauliza habari ya kutajwa. Akaniambia ndiyo, amesikia, na akarudia habari ya sufuria. Sijui kama alikuwa ananijibu swali langu au analikataa. Yule mkubwa wa shule angefurahi kusikia kwamba hakuomba shukrani, na angesema hoja yake imeshinda. Mimi nasema kwamba sufuria ile ilikatika mwaka uliopita, watu wote wa ofisini wanakula kutoka ndani yake, na hakuna aliyekuwa ameuona mkono wake.