Kisu Kilicholenga Zimwi

Mwaka 2022 mwongozaji wa Kifini, Hanna Bergholm, alitoa filamu yake ndefu ya kwanza, Pahanhautoja. Binti wa miaka 12, Tinja, anaokota yai msituni na kulificha kitandani, nalo linakua kwa machozi yake. Mama yake hurekodi video za intaneti za kuonyesha familia isiyo na kasoro, na katika nyumba ya namna hiyo uchungu wa mtoto hauna pa kwenda. Yai linapopasuka linatoka jidege la kutisha, linamshambulia kila anayemkera Tinja, na siku hadi siku linazidi kufanana naye. Mwishoni mama anashika kisu aliue zimwi, na kisu kinaingia mwilini mwa bintiye. Mtazamaji wa Chang'ombe (namaanisha ya Dodoma, si ile ya Temeke) akiikuta filamu hii katika kibanda umiza hatahitaji kufafanuliwa habari za mazimwi. Swali litakalombana ni la kale kuliko sinema: uovu unaoonekana kwa mtoto umetoka wapi? Ninavyoona mimi, swali hilo likiulizwa juu ya mtoto mmoja limekwisha potoka, kwa sababu anayelitafuta zimwi ndani ya mtoto hana njia ya kulichoma bila kumchoma mtoto mwenyewe.

Ushahidi hatuufuati Ufini. Wasafiri na wamisionari wa karne ya 19 waliandika habari za kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya meno ya chini. Iliaminika kwamba akiachwa akue atawaletea jamaa zake maradhi na vifo. Basi wapo waliouawa, wapo waliotolewa kwa watu baki, wapo waliouzwa utumwani. Hukumu yote hiyo ilisimama juu ya meno mawili, kwa mshtakiwa ambaye hata kusema hajaanza. Tusijidai kwamba mambo hayo yalizikwa na mababu. Kinshasa, katika miaka tuliyoishi sisi, maelfu ya watoto walifukuzwa majumbani kwa madai kwamba ni wachawi, na ukiangalia ni watoto gani, unawakuta yatima, watoto wa kambo, wanaokojoa kitandani, wenye kifafa, au wabishi tu. Mara nyingi msiba ulitangulia: mzazi kafa, kazi imepotea, chakula hakitoshi. Mtoto alitafutwa baadaye, ili msiba upate mwenyewe. Tatizo lilikua hata Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, ikalazimika kupiga marufuku tuhuma za uchawi dhidi ya watoto.

Mkristo msomi atanipinga kwa fundisho la dhambi ya asili. Augustino wa Hippo, katika Maungamo yake, alimtaja mtoto mchanga aliyemkodolea mwenzake macho ya wivu kwa sababu ya titi, akasema kutokuwa na hatia kwa watoto ni udhaifu wa viungo tu, si usafi wa moyo. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Lakini Augustino alikuwa akichunguza chanzo cha dhambi zake mwenyewe, na alichohitimisha kinamhusu kila aliyezaliwa, maaskofu wakiwamo. Fundisho linalotutia wote katika kundi moja haliwezi kumchomoa mmoja apelekwe porini. Mwislamu ataanzia mahali pengine kabisa: kila mtoto huzaliwa katika fitra, na hadithi mashuhuri ya Mtume inawataja wazazi kuwa ndio wanaomgeuza. Hapo dini hizi mbili zinatofautiana pakubwa, ila kwa mshtaki wa kigego hakuna hata moja inayompa shahidi.

Lakini watoto hudhuru kweli, atasema mwingine; jidege la Tinja halikuwa ndoto, lilijeruhi watu. Sawa. Mkono unaopiga lazima ushikwe. Kanuni yetu ya Adhabu haimpi mtoto wa chini ya miaka 10 hatia ya jinai, na aliye chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba aliweza kujua kuwa tendo lake ni baya. Sheria inauliza mtoto alijua nini. Mwenye kutafuta zimwi anauliza mtoto ni nani hasa, na swali la namna hiyo halina ushahidi unaoweza kumwokoa mshtakiwa, maana hata wema wake utaitwa hila.

Wasukuma, ambao wengi wamehamia hadi nyanda hizi za kati, wana simulizi ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote isipokuwa mama mjamzito aliyejificha. Akazaa mtoto, Masala Kulangwa, naye alipopata akili akauliza watu wengine wako wapi. Kila siku akirudi na kiumbe fulani, panzi mara ndege, anauliza kama ndicho Shing'weng'we, na mama anamjibu kwamba bado, zimwi ni kubwa zaidi. Ushujaa wa mwishoni, zimwi linapouawa na watu kutolewa tumboni, hunivutia kidogo kuliko mazungumzo hayo. Mama anamwambia mtoto ukweli wa msiba uliowapata, kwa hiyo zimwi linabaki nje, linatafutika. Tinja hakupewa neno lolote la kweli. Akalea zimwi la kwake kitandani. Halafu wasimulizi wanaongeza jambo lisilo la kishujaa hata kidogo: kisu cha kijana kinamkata sikio bibi mmoja akiwa bado tumboni mwa zimwi, bibi anakasirika, na kijana inambidi atafute dawa ya kumtibu.

Mahali pamoja filamu ya Bergholm inanikosesha raha. Ikishamtoa mtoto kizimbani inampandisha mama, na karibu uovu wote wa nyumba ile unatundikwa shingoni mwake, ilhali baba yumo humo humo, anaona, ananyamaza, na hadithi inampitia juu juu. Kwetu pia mama wa mtoto mwenye kasoro ndiye huulizwa alikula nini, alimkosea nani, alikanyaga wapi. Kumvua mtoto jina la zimwi ili avikwe mama yake ni kuhamisha shtaka tu, na bado hakuna aliyekaa na Tinja kumuuliza analia nini.