Petroli ya Kurudi

Hakuna nahodha wa kisiwa chetu cha Goziba, Ziwa Victoria, anayesukuma mtumbwi majini akiwa na petroli ya kwenda tu. Hata kijana aliyeanza uvuvi juzi analijua hilo. Jua likikaribia kuzama analiinua dumu usawa wa macho, anaangalia mafuta yamefika wapi, kisha anapiga hesabu: ya kufika kwenye dagaa, ya kuhamahama usiku kucha, ya kurudi alfajiri hata upepo ukigeuka. Ya kurudi isipokuwepo, haendi. Na hakuna mtu mwaloni atakayemcheka au kumwita bahili.

Sasa nina swali kwako, ndugu yangu mvuvi, na kwako dada unayeanika dagaa, na kwako mama unayeendesha nyumba kwa mgao wa mume. Petroli ya kurudi ya nyumba yako iko wapi?

Nauliza kwa sababu kalenda yetu tunaifahamu wote. Dagaa hufuata mwanga. Usiku wa giza taa ya mvuvi ndiyo jua pekee ziwani, nao wanajikusanya chini yake mpaka wavu unapanda mzito. Mwezi ukishiba, ziwa zima linang'aa, taa inakosa nguvu, wavu unarudi mwepesi, na mitumbwi inavutwa ufukweni. Mwezi unazunguka kwa siku 29 na nusu, na ulikuwa ukifanya hivyo kabla babu zetu hawajakijua kisiwa hiki. Katika shida zote za binadamu, sijui nyingine inayotoa taarifa mapema kama mbalamwezi. Moto hauna tarehe, ugonjwa hauna tarehe. Mbalamwezi ina tarehe, na bado kila mwezi inatukuta kama mgeni wa usiku wa manane.

Nimekaa dukani kisiwani usiku kama huo. Nje kuna mwanga wa kuokota sindano. Anaingia mtoto wa miaka saba hivi, ana kikombe cha plastiki kisicho na mkono. "Mama amesema sukari ya mia mbili, uandike." Mwenye duka anavuta daftari lililokwisha kubanduka jalada, anapekua, anafika kwenye ukurasa wa familia ile. Ukurasa umejaa mpaka pembeni: unga, sabuni, mafuta, unga, vocha, unga. Anaandika kwa herufi ndogo sana ili nafasi itoshe. Mtoto anabeba kikombe kwa mikono miwili. Siku kumi nyuma, nyumba ileile ilikuwa na pesa ya kununua mfuko mzima.

Deni la dukani halionekani kuwa na riba, lakini lina bei. Mwenye deni hachagui duka wala hapatani bei, na mgao unaofuata unaondoka mwaloni kabla haujafika kwake. Wengine hukopa kwa mfanyabiashara wa dagaa na kukubali kumlipa kwa dagaa, kwa bei anayotaka yeye. Dagaa bado wanaogelea, tumeshawauza. Wazee wetu wa Bukoba na Muleba wana jina la ugonjwa huu huko bara: butura. Mkulima ana shida ya leo, anauza kahawa ingali maua mtini kwa bei ya kutupa, na mavuno yakifika anachuma mali ya mwenzake katika kibanja chake mwenyewe. Viongozi wamelaani butura miaka nenda miaka rudi, na bado ipo, kwa sababu amri haiwezi kuziba pengo la mtu ambaye leo hana kitu ndani. Pengo hilo linazibwa na akiba peke yake.

Najua utaniambia nini. Pesa yenyewe ndogo, nibane nini? Nakuelewa, na sitakudanganya. Bei ya petroli huipangi wewe. Nauli ya mzigo hadi kisiwani huipangi wewe. Usiku wa kukosa huupangi wewe. Lakini kuna pesa inayopita mikononi mwako kila siku na kuvuja kwa tone, na hiyo unaweza kuizuia kuanzia kesho asubuhi. Bandu bandu huisha gogo.

Anza na mafuta ya kula. Chukua chupa mbili tupu za maji, moja ya nusu lita na moja ya lita. Nunua kipimo chako cha kila siku, kimimine kwenye ile ndogo, na piga mstari kwa kalamu pale mafuta yalipofika. Ukishapika, osha chupa, jaza maji hadi kwenye mstari, mimina kwenye chupa ya lita, rudia mpaka ijae. Hesabu ni mara ngapi. Zidisha kwa pesa unayolipa kila siku. Sasa unajua lita moja ya mafuta unainunua kwa shilingi ngapi. Muulize anayetoka Bukoba mjini bei ya dumu la lita 20, igawe kwa ishirini, na uweke namba hizo mbili kwenye karatasi moja. Naomba uifanye hesabu hii kwa mkono wako, usiichukue kwangu, kwa sababu tofauti utakayoiona ni pesa yako wewe, na hasira utakayoipata itakusaidia kuliko maneno yangu yote. Fanya vivyo hivyo kwa sukari, unga, sabuni ya unga, mkaa.

Mtu anayenunua kwa kipimo kidogo anaonekana anabana matumizi, kumbe ndiye anayelipa zaidi kisiwani. Halipi zaidi kwa sababu hana akili. Analipa kwa sababu siku ile hana pesa ya mfuko. Ndiyo maana majirani watano wanaoaminiana wanashinda familia moja yenye mshahara. Wakati wa giza, kila mmoja anatoa sehemu yake, wanaagiza gunia la unga, ndoo ya mafuta, mfuko wa sukari. Sukari yenyewe inatengenezwa humuhumu mkoani kwetu Kagera, kiwandani Kagera Sugar kule Missenyi, halafu inatufikia kwa kijiko! Boti inayopeleka dagaa inarudi, na itarudi na mzigo wenu mkiiagiza. Siku ya kugawana kaeni wote, pimeni mbele ya wote, andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jikoni kuna mengine mengi na nitayapitia haraka. Maharage yaloweke tangu jioni, yatakula mkaa kidogo. Sufuria ifunikwe. Weka debe la dagaa wa nyumbani kabla hujauza magunia, kwa maana tunawaanika wenyewe, tunawauza, kisha tunakwenda kununua nyama kwa pesa ileile, na dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake ni chakula bora kwa mtoto anayekua. Ardhi ya kisiwa ni finyu na ina mawe, lakini gunia la udongo nyuma ya nyumba linaotesha mchicha na kitunguu kwa maji uliyooshea mboga. Na maji ya kunywa chemsha au tia dawa, kila siku, bila kuchoka. Kuharisha kwa mtoto mmoja, pamoja na boti ya kukimbilia hospitali bara, kunaweza kumeza akiba ya miezi sita.

Dada zangu waanikaji, hasara nayo ni matumizi. Dagaa waliotandazwa mchangani wanabeba mchanga, na mvua ya ghafla ikiwakuta pale wanaoza au wanashuka bei wakawa chakula cha kuku. Chanja ya miti na wavu mkuukuu inapitisha upepo juu na chini, wanakauka upesi na kwa usafi, na mvua ikitishia unafunika turubai. Ukiwa huwezi kujenga nne, jenga moja. Ile moja itakulipia ya pili.

Sasa niseme lile ambalo wengi wanalizunguka. Pesa nyingi ya giza inaishia mezani: bia, kuzungusha raundi kwa watu usiowajua majina, kubeti, mchezo wa pool, nyumba ya pili isiyo na jina. Najua kazi ya usiku kwenye maji ni kazi ya hatari, na mtu aliyerudi salama anataka kufurahi. Furahi. Lakini piga hesabu: bia mbili kwa usiku, kwa usiku ishirini, ni bia arobaini. Andika bei yake kando ya bei ya sare na viatu vya mwanao, kisha umwangalie mtoto usoni. Na ukisikia sauti ndani yako ikisema kesho ziwa litatoa tena, kumbuka ni sauti hiyohiyo iliyosema hivyo mwezi jana, nawe ukaishia kutuma mtoto dukani na kikombe.

Kinachonipa matumaini ni kwamba kubana matumizi tunakujua tayari. Tazama taa. Miaka mingi karabai zilichoma mafuta ya taa kutoka machweo hadi alfajiri, usiku baada ya usiku. Zilipokuja taa za betri na sola, wavuvi walipiga hesabu, wakaona gharama inashuka, wakahama. Hakuna aliyehitaji semina. Akili ile iliyofanya kazi ndani ya mtumbwi haipotei ikifika mlangoni mwa nyumba. Tunaivua tu kama viatu.

Wazee wa Kagera nao wana somo. Majeshi ya Idi Amin yalivamia huku mwaka 1978, na vita vilipokwisha mwaka uliofuata, Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18. Shida ilidumu miaka, zaidi sana ya miezi hiyo. Keti na bibi yeyote aliyekuwa na watoto wadogo wakati ule, muulize alifua kwa nini sabuni ilipokosekana dukani, alivaa nini, alipika nini. Utaondoka na maarifa ambayo leo tungeyalipia. Wao walikuwa na rafu tupu za duka. Sisi rafu zimejaa na mifuko ndiyo mitupu, na hilo liko ndani ya uwezo wetu zaidi.

Na tazameni wenzetu wa Kigoma. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu! Sisi tunatetereka kwa siku kumi za mwanga. Sitabiri lolote juu ya Victoria. Nasema tu kwamba nyumba inayoshindwa kuvuka siku kumi haiwezi kuvuka tisini, na anayejizoeza kuvuka kumi kila mwezi anajijenga kwa makubwa zaidi.

Kanuni ninayokupa ni ya shilingi tatu. Ukivua takribani siku ishirini na kupumzika kumi, basi pesa ya siku mbili inapaswa kulisha siku tatu. Kwa hiyo kila elfu tatu ya matumizi ya nyumbani, elfu mbili ni ya leo, elfu moja ni ya mbalamwezi. Usisubiri kitakachobaki, kwa sababu hakibaki. Toa kwanza. Nusu ya elfu hiyo inaweza kuwa chakula kabisa: mfuko wa unga uliofungwa chini ya kitanda haualikwi baa.

Nyingine ipelekwe kwenye kikoba. Utaratibu huu wa kuweka na kukopa ulianza mwaka 1991 kule Maradi, Niger, nchi kavu ya jangwa, kwa wanawake walioshirikiana na shirika la CARE. Wakauita kwa Kihausa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye maarifa. Leo umeenea katika nchi nyingi za Afrika, na sanduku lake unalijua: la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, kila mkutano pesa inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Ombi langu kwa vikundi vya visiwani ni moja. Msinunue hisa kila wiki kama watu wa mshahara. Nunueni wakati wa giza, mara mbili au tatu mfululizo pesa ikiwa moto, na mbalamwezi iwe wakati wa mikopo midogo ya chakula na ada. Sanduku lifuate mwezi kama tunavyoufuata sisi.

Mume na mke, haya hayawezekani kwa siri. Baba akificha kiasi cha mgao na mama akificha bei ya unga, kanuni itakufa wiki ya kwanza. Kaeni usiku mmoja wa mbalamwezi, ambao hakuna kwenda ziwani, mchukue daftari la mtoto wa shule, mchore mistari miwili: kilichoingia, kilichotoka. Vijana wa kambini msio na familia, daftari ni lenu pia. Wawili mnaolala chumba kimoja mnaweza kushikiana akiba, mmoja kibubu, mwenzake ufunguo.

Mwezi ukianza kupungua, mitumbwi itarudi majini, na asubuhi moja utasimama mwaloni na mgao wa kwanza mkononi. Kabla hujapiga hatua ya pili, toa ile elfu moja katika tatu. Mpe mkeo, au mweka hazina, au itie kwenye kibubu. Kisha nenda ukanywe chai.