Siku ya Tatu Bila Sigara: Je, Ni Upungufu wa Imani?



Leo nataka kukushirikisha jambo nililolificha kwa muda mrefu, hata kwa wenzangu wa kwaya. Nilianza kuvuta sigara nikiwa na miaka 17, kijiweni, kwa kuonjaonja fegi za washkaji. Nilipofika miaka 20 nilikuwa navuta nane mpaka kumi kwa siku. Nilikuwa nanunua moja moja dukani ili nijidanganye kwamba mimi si mvutaji hasa.

Mwaka mmoja, Jumatano ya Majivu, nikaamua: sigara basi. Padre aliponipaka majivu kwenye paji la uso nilisema moyoni, "Bwana, kuanzia leo." Na nilimaanisha. Jumatano ikapita vizuri. Alhamisi hasira zikaanza bila sababu. Nilimfokea mdogo wangu kwa kuhamisha chaja ya simu tu, mpaka Mama akaniuliza kama naumwa. Ijumaa jioni nikaenda Njia ya Msalaba, nikapiga magoti vituo vyote kumi na vinne. Kisha nikatoka kanisani, nikaenda moja kwa moja dukani, nikanunua sigara, nikaivuta nikiwa bado na kitabu cha nyimbo mkononi.

Usiku ule sikulala. Swali moja lilikuwa linanitafuna: kama nashindwa siku tatu tu, tena nimetoka kusali, mimi ni mtu wa namna gani? Ama imani yangu ni ya uongo, ama sina utashi kabisa.

Labda na wewe umewahi kujiuliza hivyo. Kwa hiyo ngoja nikueleze kitu ambacho sikukijua wakati ule.

Ukivuta sigara, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu. Huko inachochea dopamini, kemikali inayoufundisha ubongo kwamba jambo hili lirudiwe. Ukivuta kila siku, ubongo unajipanga upya. Unaihesabu nikotini kuwa sehemu ya kazi zake za kawaida. Sasa ukiacha ghafla, nikotini iliyo kwenye damu inapungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Ukilala na kuamka, imebaki kidogo sana. Ndipo inaanza ile hali tunayoiita arosto: hasira, kukosa utulivu, usingizi wa mang'amung'amu, akili kutotulia kwenye jambo moja. Kwa wengi huwa kali zaidi siku mbili tatu za mwanzo, halafu inapungua taratibu kwa wiki mbili hadi nne.

Lakini kuna jambo lililonigusa zaidi. Watafiti wamewapima wavutaji, wakiwemo vijana wa umri wetu, baada ya kukaa saa kadhaa bila sigara. Jaribio moja liko hivi: unaonyeshwa neno NYEKUNDU lililoandikwa kwa rangi ya buluu, na unatakiwa kutaja rangi unayoiona, si kusoma neno. Jaribu uone. Mdomo unataka kusema "nyekundu", na lazima kitu ndani yako kiuzuie. Tafiti za namna hii mara nyingi zimeona kwamba mvutaji aliyekatiwa sigara kwa muda mfupi anakosea zaidi au anachelewa zaidi kwenye mambo ya kujizuia na kuwa makini. Kazi hiyo ya kujizuia inategemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma tu ya paji la uso, pale pale padre aliponipaka majivu. Na sehemu hiyo ni kati ya zile za mwisho kukomaa. Huendelea kukomaa mpaka tunapokaribia miaka 25.

Maana yake ni nini? Ni kwamba uwezo ninaouhitaji ili niache sigara ndio unaodhoofika siku zile za kwanza za kuacha. Ijumaa ile sikuwa mtu yule yule wa Jumatano.

Hapo linakuja swali la dhamiri. Je, basi sina kosa? Niseme tu "si mimi, ni ubongo wangu"? Pale kijiweni wangelipenda sana jibu hilo. Kanisa halisemi hivyo, lakini pia halisemi kile nilichokuwa najiambia usiku ule. Katekisimu, namba 2290, inataja tumbaku waziwazi inapofundisha fadhila ya kiasi. Na namba 1735 inakiri kwamba mazoea yanaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake. Yote mawili ni kweli. Nina wajibu, na nimefungwa. Mtakatifu Augustino aliyajua haya kabla ya mashine za kupiga picha ubongo; katika Maungamo yake anasimulia jinsi mazoea yalivyokuwa mnyororo, na jinsi yeye mwenyewe alivyoutengeneza.

Sasa wajibu wangu uko wapi, kama saa ya jaribu ndiyo saa nisiyo na nguvu? Jibu nilipewa kwenye kiti cha kitubio, Jumamosi yake.

"Padre, nimeshindwa siku ya tatu tu."

Nilitegemea anikemee. Akauliza, "Mwanangu, Jumatano, ulipokuwa na nguvu, ulifanya nini?"

Sikumwelewa. Akaendelea: "Ulimwambia nani kwamba unaacha? Kiberiti ulikiweka wapi? Ukitoka kanisani unapita njia ipi?"

Nilikuwa sijamwambia mtu. Kiberiti kilikuwa mfukoni. Na njia yangu ilipita mbele ya duka lile lile.

"Basi usiungame Ijumaa peke yake," akasema. "Itazame na Jumatano."

Nimeyatafakari maneno hayo sana. Nilidhani kujitawala ni kusimama mbele ya sigara na kukaza meno. Kumbe sehemu kubwa ya kujitawala hufanyika mapema, wakati akili imetulia, kwa ajili ya saa ambayo haitatulia. Hata Gethsemane, Bwana aliwaambia wanafunzi wakeshe na kusali kabla jaribu halijafika. Petro akalala. Baadaye usiku ule, kwenye moto wa makaa, hakuwa na kitu cha kushikilia.

Kuna mtu mmoja wa Dublin, Ireland, ambaye namwomba aniombee: Mtumishi wa Mungu Matt Talbot, aliyezaliwa 1856 na kufariki 1925, aliyetangazwa Mheshimiwa mwaka 1975. Alikuwa mlevi tangu utotoni. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, aliweka ahadi ya kutokunywa. Unajua aliahidi muda gani? Miezi mitatu tu. Ilipoisha akaongeza, mpaka ikawa ya maisha yote. Saa ambazo zamani alikuwa baa alianza kuzitumia kanisani, na kila asubuhi alikwenda Misa kabla ya kazi. Alisali sana, ndiyo, lakini pia alibadilisha njia zake. Neema haikumfanya asiwe na mwili.

Mimi nilianza upya Jumatatu. Kwanza nikamwambia Mama. Akanijibu, "Nilijua. Nguo zako zinanuka." Kiberiti nikampa akatumie jikoni. Nikamwomba kijana mmoja wa jumuiya yetu tutoke naye kanisani kwa njia nyingine, ndefu kidogo. Hata Yesu alibebewa msalaba na Simoni wa Kirene. Mimi ni nani nikatae msaada?

Sikudanganyi: nilianguka tena mara mbili. Kwenye Njia ya Msalaba Bwana anaanguka kituo cha tatu, cha saba na cha tisa, na kila mara anainuka. Nami nilirudi kwenye kitubio, nikaanza tena. Leo ni miezi kumi na moja. Bado kuna siku harufu ya moshi wa jirani inanisimamisha barabarani.

Kijana mwenzangu, kama umejaribu ukaangushwa siku ya pili au ya tatu, usihitimishe kwamba Mungu amekuacha au kwamba huna utashi. Ulifika kwenye saa ngumu kuliko zote. Lakini usiifanye saa hiyo kisingizio pia. Leo, sasa hivi unaposoma ukiwa umetulia, ndiyo saa yako ya nguvu. Mwambie mtu mmoja. Badili njia. Nenda kituo cha afya uulize kuhusu vibandiko au bigijii za nikotini. Kuomba dawa si kukosa imani. Na sali sasa, usingoje arosto ikufundishe kusali.

Tuombe: Bwana Yesu, unajua saa zangu za udhaifu kabla sijazifikia. Nisaidie nizitumie vizuri saa ulizonipa nguvu, na nikianguka, unipe unyenyekevu wa kuinuka. Amina.

Mtumishi wa Mungu Matt Talbot, utuombee.