Sifa na Stahili ya Filamu Kongwe

Sifa ni mali irithiwayo kwa wepesi kuliko mali nyingine yoyote. Shamba hurithiwa kwa mipaka na mashahidi. Nyumba hurithiwa kwa hati. Lakini sifa hupita mdomo hadi mdomo, na aipokeaye haulizwi kama ameipima. Hivyo ndivyo ilivyo kwa filamu kongwe za dunia. Mara nyingi kijana huambiwa kuwa filamu fulani ni bora kupita zote kabla hajaiona, na akiisha kuiona huogopa kusema kuwa imemchosha. Swali letu ni hili: je, filamu hizi zastahili kweli sifa zilizopewa, au twazisifu kwa sababu waliotutangulia walizisifu?

Swali hili laweza kudhaniwa dogo, kwa kuwa sinema ni burudani. Lakini mtu azoeaye kusifu asichokiona katika sinema atasifu asichokiona katika vitabu, katika desturi na hata katika viongozi. Ulimi hujifunza uongo katika mambo madogo kabla ya kuutumia katika makubwa. Kwa hiyo, msomaji, tunapozungumza juu ya filamu twazungumza pia juu ya uaminifu wa hukumu zetu.

Wako watu wa namna mbili wanaopotoka katika jambo hili. Wa kwanza ni kasuku. Husikia kuwa filamu ni tukufu, naye huitangaza kuwa tukufu; ukimwuliza kwa nini, hukutajia majina ya watu waliosema hivyo. Wa pili hudharau kila kilicho kikongwe. Picha zisizo na rangi humchukiza, mwendo wa pole humletea usingizi, naye huufanya usingizi wake kuwa hukumu. Watu hawa huonekana kuwa maadui, kumbe ni ndugu. Wote wawili wamehukumu bila kutazama. Wahenga walisema, Asifuye mvua imemnyea. Methali hii yatosha kuwa kipimo chetu. Mwenye haki ya kusifu ni yule aliyelowa.

Tutazame kwanza jinsi sifa inavyozaliwa. Filamu ya Kimarekani iitwayo "Citizen Kane" ilitoka mwaka 1941. Aliyeiongoza na kuigiza ndani yake alikuwa Orson Welles, kijana ambaye siku ilipoonyeshwa mara ya kwanza alikuwa hajatimiza miaka 26. Husimulia maisha ya tajiri mwenye magazeti, na watu wengi waliona humo sura ya William Randolph Hearst, tajiri mkubwa wa magazeti wa wakati ule. Magazeti ya Hearst yalikataa kuitangaza, na kampuni iliyoitengeneza ikapata hasara. Ilipendekezwa kwa tuzo tisa za Oscar, ikapata moja tu, ya uandishi. Vita Kuu ya Pili vilipokwisha, ilifika Ufaransa mwaka 1946, na huko wahakiki kama André Bazin wakaona ndani yake mambo ambayo wengi walikuwa hawajayaona.

Tangu mwaka 1952 gazeti la Uingereza liitwalo "Sight and Sound" huwauliza wahakiki, kila baada ya miaka kumi, wataje filamu wanazoziona kuwa bora. Mwaka 1952 filamu ya Welles haikuwamo katika kumi za kwanza. Mwaka 1962 ikawa ya kwanza, na ikashika nafasi hiyo katika kura za 1972, 1982, 1992 na 2002. Mwaka 2012 ikapitwa na "Vertigo" ya Alfred Hitchcock, filamu ya mwaka 1958 ambayo ilipotoka haikupokewa kwa shangwe kubwa. Mwaka 2022 nafasi ya kwanza ikachukuliwa na "Jeanne Dielman" ya mwaka 1975, kazi ya Chantal Akerman, mwanamke wa Ubelgiji. Ile ya Welles ikawa ya tatu.

Zingatia jambo hili, msomaji. Katika miaka yote hiyo filamu zenyewe hazikubadilika. Mwigizaji aliyelia mwaka 1941 alilia vivyo hivyo mwaka 2022. Kilichobadilika ni mabaraza ya waamuzi. Mwaka 1952 waliojibu hawakufika mia. Mwaka 2022 walipita 1,600, na walitoka nchi nyingi zaidi. Katika filamu mia za kwanza za mwaka huo zilikuwamo mbili za waongozaji wa Senegal: ya Ousmane Sembène ya mwaka 1966, na "Touki Bouki" ya Djibril Diop Mambéty ya mwaka 1973. Uzuri wa filamu hizo haukuanza siku zilipohesabiwa. Ulikuwapo, ukingoja macho.

Tena bahati ina sehemu yake. Filamu ya Frank Capra iitwayo "It's a Wonderful Life" ilipotoka mwaka 1946 haikurudisha gharama zake. Mwaka 1974 haki yake ya umiliki haikufanywa upya, na vituo vya televisheni vya Marekani vikaona nafasi ya kuionyesha bila malipo. Vikaionyesha Krismasi baada ya Krismasi, hata ikawa kama sehemu ya sikukuu yenyewe. Leo huitwa filamu kongwe ipendwayo, lakini huenda isingependwa hivyo kama karani fulani angalikumbuka kujaza karatasi kwa wakati.

Je, basi, sifa ni bahati tupu? La. Bahati yaweza kufungua mlango wa jumba la sinema, lakini haiwezi kumfanya mtazamaji arudi tena na tena kwa kitu kisicho na kitu. Lazima tuiache hadithi ya sifa, tuitazame filamu yenyewe.

Ndani ya "Citizen Kane" mna tukio la utoto wa Kane. Mama yake, mezani, anatia sahihi karatasi za kumkabidhi mwanawe kwa mwenye benki atakayemlea mbali na nyumbani. Baba anapinga kwa maneno yasiyo na nguvu. Nyuma yao kuna dirisha, na nje ya dirisha mtoto anacheza katika theluji, hajui lolote. Mpiga picha, Gregg Toland, aliufanya uso wa mama aliye karibu na umbo dogo la mtoto aliye mbali vionekane wazi kwa pamoja. Hakuna msimulizi asemaye, Tazama, mtoto anauzwa hali anacheza. Jicho lako laona karatasi na mchezo kwa wakati mmoja, na moyo wako waelewa. Mahali pengine ndoa ya Kane inasimuliwa kwa dakika chache, kwa kifungua kinywa kimoja baada ya kingine: kwanza mume na mke wameketi karibu wakinong'onezana, mwishowe wamekaa mbali kimya, na mke anasoma gazeti la mshindani wa mumewe. Mtu aliyeyaona haya kwa makini aweza kuisifu filamu hii pasipo kutaja jina la mhakiki hata mmoja.

Hata hivyo, sifa nyingine za filamu hii zimezidi kipimo. Husemwa na watu kuwa Welles alibuni mbinu hizi zote. Sivyo. Toland alikuwa amezijaribu baadhi yake katika filamu za kabla, na Jean Renoir wa Ufaransa alikuwa amepiga picha za namna hiyo katika miaka ya 1930. Hata tuzo ile moja ya uandishi Welles aligawana na Herman J. Mankiewicz. Tena wako watazamaji waadilifu wasemao kuwa filamu hii hustaajabisha akili kuliko inavyogusa moyo, nao wana hoja. Kizuri hakikosi ila. Filamu hii yastahili heshima kubwa. Lakini maneno "bora kupita zote" hayastahiliwi na filamu yoyote, kwa maana hakuna mizani ipimayo kicheko na machozi kwa ratili moja.

Sasa tufike mahali ambapo sifa huwa jambo la haki na dhuluma. Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa filamu iitwayo "The Birth of a Nation". Ilikuwa ya saa tatu hivi, na kwa miaka mingi wahakiki waliitukuza kwa jinsi ilivyounganisha picha za karibu na za mbali, na kwa ukubwa wa vita vyake. Lakini filamu hiyo iliwaonyesha Wamarekani weusi kuwa wajinga na wakatili, wengi wao wakiigizwa na wazungu waliopakwa rangi usoni, na ikalitukuza kundi la Ku Klux Klan kuwa mkombozi. Ilionyeshwa hata katika ikulu ya Marekani mbele ya Rais Woodrow Wilson. Chama cha NAACP, kilichoundwa mwaka 1909 kutetea haki za watu weusi, kilipinga kuonyeshwa kwake. Mwishoni mwa mwaka uo huo kundi la Klan, ambalo lilikuwa limekufa, likaundwa upya huko Georgia, na kwa miaka iliyofuata likaitumia filamu hiyo kuvuta wanachama. Mwaka 1999 chama cha waongozaji wa filamu cha Marekani kiliondoa jina la Griffith katika tuzo yake kuu.

Mtu atauliza: ustadi si ustadi, hata ukitumiwa vibaya? Ndiyo, ustadi ni ustadi. Kisu kikali ni kikali mkononi mwa mpishi na mkononi mwa mwuaji. Lakini asifuye ukali wa kisu mbele ya maiti, asiitaje maiti, hajasema kweli yote. Kosa la wahakiki wale halikuwa kuuona ustadi. Kosa lao lilikuwa kumsahau aliyeumizwa, kwa sababu hakuwa mmoja wao. Ndiyo maana kila sifa iulizwe: imetoka kinywani mwa nani, na nani hakuulizwa?

Swali hilo halipo mbali na nyumbani. Filamu "Out of Africa" ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Sydney Pollack na kupigwa hapa Kenya, ilipata tuzo saba za Oscar, mojawapo ikiwa ya filamu bora ya mwaka. Picha zake za nchi yetu zapendeza, na muziki wake ni mtamu. Si haki kukana hayo. Lakini ni hadithi ya wageni, na Wakikuyu wa ardhi ile huonekana humo zaidi kama watumishi na vibarua. Karibu na mwisho bibi mwenye shamba anapiga magoti mbele ya gavana kuwaombea ardhi. Ni tukio la huruma. Lakini hata hapo asemaye ni yeye, nao hawasemi. Kijana wa Kenya aionapo filamu hiyo analo la kusema ambalo baraza la tuzo huenda halikuliwaza, na alichokiona ni ushahidi sawa na ushahidi wao.

Iko pia sifa inayosimama imara. Filamu ya Kiitaliano "Ladri di biciclette", yaani Wezi wa Baiskeli, ilitengenezwa na Vittorio De Sica mwaka 1948, na ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza katika kura ile ya mwaka 1952. Tangu hapo imeshuka; mwaka 2022 haikuwamo katika kumi za kwanza. Aliyeigiza nafasi kuu, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Hadithi ni nyepesi. Katika Roma ya baada ya vita, mtu asiye na kazi anapata kazi ya kubandika matangazo, kwa sharti awe na baiskeli. Mkewe anaweka rehani mashuka ya kitanda ili waikomboe baiskeli yao. Siku ya kwanza ya kazi baiskeli inaibwa. Baba na mwanawe mdogo wanaitafuta mjini kote, na baba, akiisha kukata tamaa, anajaribu kuiba ya mtu mwingine, anakamatwa, na mtoto anayaona yote. Wanamwachilia. Mtoto anaushika mkono wa baba yake, nao wanapotea katika umati wa watu.

Msomaji, huhitaji kuwa Mwitaliano kuielewa aibu ya mzazi mbele ya mtoto wake. Filamu hii haina rangi, lugha yake ni ngeni, na vita vilivyoleta umaskini ule vimekwisha zamani. Hata hivyo mkono ule mdogo bado unashika. Kushuka kwake katika orodha hakukuipunguzia chochote, kama kupanda kwake hakukuiongezea.

Basi tufanyeje? Uitikapo wito wa filamu kongwe, ipe kwanza subira. Lugha ya picha hubadilika kama lugha ya maneno, na asomaye utenzi wa kale hautupi kwa kuwa neno moja limemshinda. Kisha jiulize umeona nini wewe mwenyewe, filamu imesema kweli juu ya binadamu au imemsingizia, na ni nani angeumia kama angekaa kando yako akitazama. Baada ya hayo sema hukumu yako kwa adabu na bila hofu. Kumbuka kuwa "sikuipenda" na "si nzuri" ni maneno mawili mbalimbali. La kwanza ni habari yako. La pili ladai sababu. Usiseme la pili kabla hujazipata, wala usilifiche la kwanza kwa kuogopa kuitwa mjinga.

Filamu kongwe nyingi zastahili sehemu kubwa ya sifa zake, chache zastahili zote, na nyingine zilipewa sifa ambazo aliyedhulumiwa asingezitia sahihi. Sifa ni shahidi, na shahidi husikilizwa. Lakini shahidi hakai kiti cha hakimu. Kiti hicho ni chako, nawe huwezi kukikalia kwa macho ya mtu mwingine. Asifuye mvua na iwe imemnyea, na aliyekaa ndani mkavu asiwaambie watu kuwa mvua haikunyesha.